Kumwokoa mbwa wa mtaani na kumchukua mbwa kutoka makao ya wanyama: je, ni jambo moja?

MwalimuKiamunyi (Nakuru)

Ndugu zangu, naomba mwongozo kuhusu jambo ambalo limezua mjadala mrefu nyumbani kwetu. Sisi ni familia yenye watoto watatu, tunaishi Kiamunyi katika boma lenye ua na lango, na tumekubaliana kwamba tunaweza kumfuga mbwa mmoja. Hatuna haja ya kununua mbwa wa mbegu za kigeni. Binti yangu mkubwa anataka tumwokoe mmoja wa wale mbwa wanaozurura upande wa jaa la Gioto, kwa kuwa, kwa maneno yake, wale ndio wenye shida ya kweli. Mama yake anapendekeza twende Nairobi, kwenye makao ya wanyama, tumchukue mbwa ambaye amekwisha kuchanjwa na kuhasiwa, na anashikilia kwamba huko nako ni kumwokoa mnyama, tena kwa utaratibu. Binti hakubali. Anasema mbwa aliye makaoni ameshaokolewa na watu wengine, na sisi tutakuwa tumekwenda kuchukua tu kilicho tayari, kisha tujisifu.

Mimi niko katikati na sina la kusema. Ningependa kujua, je, kuna tofauti ya hakika kati ya mambo haya mawili, au ni namna mbili za kusimulia tendo lile lile? Na kama tofauti ipo, inahusu nini hasa: sheria, afya ya mnyama na ya watoto wangu, au ni suala la dhamiri tu? Naomba mjibu kwa kuzingatia hali ya huku kwetu, si ya Ulaya.

TabibuMamboleo (Kisumu)

Mwalimu, salamu kutoka kando ya ziwa. Binti yako ameona jambo la kweli, ingawa sikubaliani na hitimisho lake.

Kumwokoa mnyama ni kumwondoa katika hatari. Amegongwa na pikipiki akavunjika mguu, amefungwa kwa waya juani bila maji, ametupwa ndani ya gunia kando ya barabara. Ukifika ukamtoa pale, umemwokoa. Tendo hilo lina mwanzo na mwisho, na mwisho wake ni pale mnyama anapokuwa salama na ameonwa na daktari. Halikudai umpende wala uishi naye. Kumchukua mnyama awe wa nyumba yako ni jambo la namna nyingine kabisa, kwa sababu unaahidi kumlisha, kumtibu na kumvumilia kwa miaka yote atakayoishi, na mbwa aliyetunzwa vizuri huweza kuishi miaka 10 hadi 15. Ahadi hiyo inaweza kutolewa kwa mbwa ambaye hakuwahi kuwa hatarini hata siku moja.

Lakini kati ya mambo haya mawili kuna kazi ya tatu ambayo watu huisahau, na ndiyo inayofanywa na makao ya wanyama. Mnyama aliyeletwa hutengwa na wenzake, hutibiwa minyoo na kupe, huchanjwa, hutafutiwa mwenyewe kama yupo, huhasiwa, na huangaliwa tabia yake anapokaribiwa na watu, na watoto, na mbwa wengine. Mara nyingine, wakikuta kwamba mateso yake hayana tiba, hudungwa sindano ya kumpumzisha bila maumivu. Kazi hii haina picha nzuri za kuonyesha watu, lakini ndiyo inayomgeuza mnyama aliyeokolewa kuwa mnyama anayeweza kukabidhiwa familia. Kwa Nairobi, chama cha KSPCA kimekuwa kikishughulika na ustawi wa wanyama tangu mwaka 1910, na kina makao yake huko Karen. Huku kwetu Nyanza, na hata kwenu Bonde la Ufa, mtu anayemwokota mbwa barabarani mara nyingi hana pa kumpeleka. Kwa hiyo humtoa mtaroni na kumwingiza moja kwa moja jikoni, akiruka ile kazi ya katikati, halafu anashangaa baada ya wiki moja anapoona mbwa wa jirani wanakufa kwa kuharisha damu.

Jibu langu kwa swali lako la kwanza, basi, ni kwamba tofauti ipo. Ukienda Nairobi, unachukua mnyama ambaye wengine wamemwokoa na kumwandaa. Ukienda Gioto, utalazimika kuwa mwokoaji, makao na familia kwa wakati mmoja. Hilo linawezekana, na wapo wanaolifanya vizuri, ila binti ajue ukubwa wa kazi anayoiomba.

Kuhusu sheria, Kenya ina Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, na miongoni mwa makosa yaliyotajwa humo ni kumtelekeza mnyama bila sababu ya haki katika hali itakayomletea mateso. Mtu aliyemwokota mbwa kwa huruma, akamweka nyumbani mwezi mmoja, kisha akachoka na kumrudisha jaani, asidhani kwamba ule wema wa mwanzo utamkinga.

MzeeWaLanet (Nakuru)

Nimeyasoma haya yote kwa heshima, lakini naona mnamchosha Mwalimu bure. Mbwa ni mbwa. Yule wa Karen na yule wa Gioto watakula ugali ule ule na kubweka usiku ule ule. Neno kuokoa limeingia mtindo siku hizi kwa sababu linapendeza kwenye simu. Mtu humchukua mbwa mwenye afya kutoka kwa rafiki yake aliyehamia Eldoret, kisha anatangaza kwamba amemwokoa. Hakumwokoa, amepewa mbwa.

Pia naona upande wa mama umedharauliwa. Makao ya wanyama yana nafasi chache. Mbwa mmoja akiondoka, kizimba kimoja kinabaki wazi, na mwingine aliyeko barabarani anaingia. Kwa hesabu hiyo, anayechukua mbwa makaoni amemsaidia na yule wa barabarani, ingawa hatamwona kamwe. Mweleze binti hivyo.

MwalimuKiamunyi

Nawashukuru nyote wawili. Mzee wangu, hoja ya kizimba nimemfikishia binti, akanyamaza kidogo, kisha akauliza swali ambalo nami nalileta kwenu: ikiwa makao yako Nairobi tu, mbwa wa Nakuru wanasaidiwaje na kizimba kilicho wazi Karen?

Daktari, umenitisha kidogo kuhusu ile kazi ya katikati. Tafadhali nieleze kwa undani, kama tungeamua kuifanya wenyewe, inafanywaje.

MkulimaWaUgunja (Siaya)

Kabla Daktari hajarudi, naomba niweke neno kuhusu jambo ambalo watu wa mjini hawalioni.

Huku kwetu, mbwa kuzurura si ushahidi kwamba hana mwenyewe. Mbwa hufunguliwa asubuhi, anafuatana na watoto hadi karibu na shule, anapita sokoni kuokota mifupa kwa wauza nyama, anakwenda mtoni, na jioni anarudi bomani kulinda mbuzi na kuku. Hana ukanda shingoni, hana jina lililoandikwa popote, na ukimwona saa sita mchana amelala kwenye vumbi, mbavu zikionekana, utasema huyu ametupwa. Kumbe ana boma, ana mzee anayemwita kwa mluzi, na ana kazi. Sehemu kubwa ya mbwa wanaoonekana njiani katika vijiji vya Kenya ni wa namna hii. Mtu akija na gari akamchukua, akaenda naye mjini akisema amemwokoa, huku nyumbani tunaita wizi, na hata mahakamani mbwa ni mali ya mtu.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ya kuokoa, ikiwa mnyama hayumo katika hatari ya papo hapo, ni kuuliza. Uliza wauzaji walio karibu, uliza mzee wa mtaa au wale wa Nyumba Kumi, mwachie chifu nambari yako ya simu. Kama ameumia, mpeleke kwanza kwa daktari, ila uache habari pale ulipomtoa. Makao ya wanyama yaliyo na utaratibu humtunza mnyama kwa muda fulani wakisubiri mwenyewe ajitokeze kabla ya kumtoa kwa familia nyingine, na huo nao ni ulinzi ambao mwokoaji wa peke yake hana: mbwa uliyemchukua makaoni una karatasi zake, ilhali wa njiani anaweza kudaiwa siku yoyote.

Jambo la pili ni hili la jaa. Sijui Gioto, lakini najua majaa. Mbwa hufika pale kwa sababu kuna chakula. Ukimwondoa mmoja bila kupunguza mabaki, nafasi yake huchukuliwa na mwingine, na huyo mgeni huenda hajawahi kuchanjwa. Ndiyo maana kuua mbwa kwa sumu au risasi, jambo ambalo kaunti kadhaa zimelijaribu kwa miaka mingi, halijawahi kumaliza kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao ulithibitishwa Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1912 na bado tuko nao. Mpango wa kitaifa wa kuutokomeza ulioanza 2014, wenye lengo la mwaka 2030, ulianzia katika kaunti tano, nazo ni Siaya, Kisumu, Machakos, Makueni na Kitui, na msingi wake ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wote, mwaka baada ya mwaka, ili virusi vikose njia ya kupita. Nimeshuhudia hapa watoto wakija wamewashika mbwa kwa kamba za katani, foleni ndefu kutoka kwenye mwembe hadi barabarani, na kila mbwa akiondoka na cheti.

Nasema hivi kwa sababu binti ya Mwalimu anadhani kuna njia mbili tu. Ipo ya tatu, nayo ni kumsaidia mbwa pale pale alipo: achanjwe, ahasiwe, arudishwe mahali anapopajua na ambapo kuna watu wanaomtupia chakula. Huyo hakuletwa nyumbani kwa mtu, wala hakubaki kama alivyokuwa. Kwa swali lake kuhusu kizimba cha Karen, hilo ndilo jibu ninaloliona mimi: mbwa wa Nakuru watafaidika zaidi na siku moja ya chanjo katika mtaa wao kuliko na kuondolewa kwa mmoja wao.

MamaPakaKakamega

Nyote mmeongea kuhusu mbwa, na paka wamesahauliwa kama kawaida. Naomba niongeze mawili.

La kwanza, si kila mnyama mdogo aliye peke yake anahitaji kuokolewa. Paka jike huacha watoto wake kwenye kona ya stoo au chini ya mabati akaenda kutafuta chakula, na anaweza kukawia kwa saa kadhaa. Mtu anapita, anasikia vilio, anawabeba wote kwenye katoni, na mama anarudi kukuta pakavu. Aliyewabeba anaamini amefanya wema, lakini amewageuza kuwa mayatima watoto ambao walikuwa na mama. Kaa mbali uangalie kwanza, isipokuwa kama wamelowa, wana baridi, au kuna mbwa karibu. Mtoto wa paka ambaye hajafikisha wiki nne huhitaji kulishwa kila baada ya saa mbili hadi nne, usiku na mchana, tena kwa maziwa yaliyotengenezwa kwa ajili ya paka, kwa sababu maziwa ya ng'ombe huwaharisha wengi wao, na bila joto hawezi hata kusaga hicho alichokinywa. Ukiweza, mwache na mama yake hadi wiki ya nane, kisha uwachukue watoto, na mama naye ahasiwe.

La pili ni hawa vijana wanaosimama kando ya barabara wakiwa wameshika watoto wa mbwa mikononi kwenye jua kali. Ukimnunua mmoja kwa huruma, huyo mmoja ametoka pale, ni kweli. Lakini muuzaji amepata pesa, na wiki ijayo atakuja na wengine, mara nyingi wenye umri wa wiki nne au tano, wasio na chanjo, walioachishwa kunyonya mapema. Watu huita hilo kuokoa. Mimi nimekataa kuliita hivyo, maana uokoaji unaomlipa mtesaji si uokoaji. Makao ya wanyama nayo huomba malipo, najua mtu atasema, lakini malipo yale hurudi kwenye chanjo na upasuaji wa kuhasi, na hakuna anayezalisha mbwa ili ayapate.

TabibuMamboleo

Nimerudi, na nimefurahi kwamba nimetanguliwa na waliosema vizuri kuliko ambavyo ningesema. Ndugu wa Ugunja, hilo la mbwa wenye boma nalitia sahihi.

Mwalimu, umeuliza ile kazi ya katikati inafanywaje. Nitajaribu kueleza kama mtu anayeifanya nyumbani, Kiamunyi, bila kizimba.

Kabla hujamgusa mbwa wa jaani, fikiria kichaa cha mbwa, kwa sababu ndicho kitu pekee katika habari hii yote kinachoweza kumuua mtoto wako bila nafasi ya pili. Mbwa anaweza kuwa na virusi hivyo kwa wiki nyingi, hata miezi, akionekana mzima kabisa. Wanaofanya kazi ya kuokoa wanyama hushauriwa wapate chanjo wao wenyewe mapema, na kwa kawaida ni dozi mbili, siku ya kwanza na siku ya 7 baadaye. Mtoto hapaswi kuwa mshikaji. Na mtu yeyote akiumwa au akikwaruzwa, kidonda kioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, asingoje kuona kama mbwa atakufa. Mbwa aliyemuuma mtu hufungiwa na kuangaliwa kwa siku 10, lakini sindano za mtu huanza bila kusubiri siku hizo ziishe.

Mkishampata, hatua inayofuata ni kumtenga. Watu wengi hapa hukata tamaa kwa sababu inachosha. Mbwa mgeni akae peke yake kwa wiki mbili, awe na bakuli lake, mahali pake pa kujisaidia, na mtu mmoja anayemhudumia na kunawa mikono na kubadilisha viatu akitoka. Tunaogopa hasa magonjwa mawili ya virusi vya mbwa, pavo, ule wa kuharisha damu, na distempa. Virusi vya pavo hutoka kwa wingi katika kinyesi, na vinaweza kudumu kwenye udongo wenye kivuli kwa miezi mingi, hata kufikia mwaka. Sabuni ya kawaida haiviui. Sakafu ikishasafishwa kinyesi chote, mwagia klorini ya kufulia iliyochanganywa na maji na uiache kwa dakika 10 kabla ya kusuuza. Boma lililowahi kuwa na mbwa aliyekufa kwa kuharisha damu halifai kuletewa mtoto wa mbwa asiyechanjwa. Kama mnamtaka, mleteni mbwa mkubwa aliyekamilisha chanjo. Hapa ndipo mama ana hoja kubwa kuliko anavyojua, kwa kuwa makao yaliyo imara yanabeba hatari hii kwa niaba yenu.

Katika wiki hizo mbili mpelekeni kwa daktari wa mifugo aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo. Muuza dawa wa agroveti si daktari, hata akivaa koti jeupe, na nimeona wanyama waliochomwa sindano za ng'ombe. Daktari atatafuta kupe na homa ya kupe, ambayo huku kwetu ni ya kawaida mno na huonekana kwa ufizi mweupe, uchovu na mkojo wenye rangi nyeusi kama chai ya rangi. Atampa dawa ya minyoo, ataangalia upele wa ngozi, na kwa mbwa wa mtaani aliyekomaa atakagua sehemu za siri, kwa sababu upo uvimbe wa saratani ambao mbwa huambukizana wanapopandana, na habari njema ni kwamba mara nyingi hutibika kwa dawa. Baada ya hapo huja chanjo. Mbwa mdogo huanza akiwa na wiki sita hadi nane, na hurudiwa kila baada ya wiki mbili hadi nne mpaka afikishe wiki 16. Ya kichaa cha mbwa hudungwa akiwa na miezi mitatu, na huhesabiwa kuwa na kinga kamili takriban siku 28 baada ya sindano hiyo ya kwanza, si siku ile ile kama wengi wanavyodhani.

Kuhasi usikuweke kiporo. Jike anaweza kuingia joto tangu akiwa na miezi sita, mimba yake ni siku 63 au karibu na hapo, na mtu aliyemwokoa mmoja hujikuta ana wanane wa kutafutia makao katika mji usio na makao. Kwa maoni yangu, huyo hajapunguza taabu, amezidisha.

Linabaki suala la tabia, na hapa sitakaa sana kwa sababu kila mbwa ana yake. Waokoaji wengi husema siku tatu, wiki tatu, miezi mitatu: siku tatu za woga, ambapo huenda asile wala asitoke kwenye kona, wiki tatu za kujifunza ratiba ya nyumba, miezi mitatu kabla hujajua kwa hakika ni mbwa wa aina gani. Ni kipimo cha kukadiria tu. Mbwa wa jaani aliyekua bila kuguswa na mtu katika miezi yake mitatu ya kwanza anaweza asikubali kamwe kuishi ndani ya ua, na huyo anafaa zaidi kwa ile njia ya tatu ya ndugu wa Ugunja.

MzeeWaLanet

Daktari, nakubali kwamba nilirahisisha mno niliposema mbwa ni mbwa, hasa hilo la udongo. Lakini nina swali dogo nje kidogo ya barabara kuu. Kijana wa jirani yangu alimwokota mtoto wa tumbili karibu na ua wa mbuga, naye anasema atamlea. Huyo je, amemwokoa au amemchukua?

TabibuMamboleo

Mzee wangu, swali lako haliko nje hata kidogo, maana hapo tofauti tunayoizungumzia inaonekana wazi kuliko popote. Mnyamapori unaweza kumwokoa, lakini huruhusiwi kumchukua awe wako. Chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, kuwa na mnyamapori bila kibali ni kosa. Kijana awasiliane na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, ambalo hapo Nakuru haliko mbali naye. Huku Kisumu, Hifadhi ya Impala iliyoko kando ya ziwa imekuwa ikipokea wanyama wa namna hiyo.

Na upo upande wa pili wake. Shirika la Sheldrick huwaruhusu watu kuchangia malezi ya ndovu yatima kila mwaka, wakapata jina la ndovu na habari zake, ilhali ndovu anabaki kwa walezi wake hadi arudi porini Tsavo. Hao wanalea bila kuokoa na bila kumiliki.

MwalimuKiamunyi

Nimewasomea wote nyumbani jana jioni. Tumeamua kwenda Nairobi, ingawa si kwa sababu binti ameshindwa. Aliposikia kuhusu pavo alikumbuka kwamba mpangaji aliyekuwa hapa kabla yetu alifiwa na watoto wa mbwa wawili, na hatujui kilichowaua. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema mbwa mkubwa aliyechanjwa kikamilifu ndiye atakayefaa. Ameniomba pia nitafute ofisi ya mifugo ya kaunti ili tujue ni lini watachanja upande wa Gioto na mtaa wetu wa London hapa Nakuru, na kama wanahitaji watu wa kuandika vyeti.

Swali la mwisho, kwa yeyote: tukifika makaoni, tuulize nini?

MamaPakaKakamega

Mwulizeni mhudumu anayemlisha, si wa ofisini. Je, mbwa huyo amekaa pale kwa muda gani, aliletwa akiwa na hali gani, amewahi kurudishwa na familia nyingine, na kwa sababu ipi? Mbwa aliyerudishwa si mbaya. Mara nyingi familia ndiyo iliyohama au mwenye nyumba ndiye aliyekataa.

TabibuMamboleo

Naongezea. Ombeni kadi ya chanjo yenye tarehe, jina la dawa na sahihi ya daktari, pamoja na cheti cha kuhasiwa. Waulizeni kama wamemwona akiwa na watoto, na watoto wenu wawe nanyi siku hiyo, wasimame kando bila kumkumbatia, mwone yeye atafanya nini. Msishangae wakiwauliza kuhusu ua, kuhusu nani anayebaki nyumbani mchana, au wakiomba picha za boma. Wasipouliza chochote ndipo mshangae. Kutoka Karen hadi Kiamunyi ni safari ndefu kwa mbwa ambaye pengine hajawahi kupanda gari, kwa hiyo asilishwe sana asubuhi hiyo, awekewe taulo kuukuu kwenye kiti cha nyuma, na mkisimama Naivasha mumfunge kamba kabla hamjafungua mlango.

MwalimuKiamunyi

Kamba nitainunua kesho. Asanteni sana.